Sista Akishika Sindano

Juzi saa nane za usiku nilimpeleka mamangu kitengo cha dharura cha hospitali moja hapa Malindi, amebanwa na pumu. Sista alikuwa kwenye meza ya dawa, kichupa mkono huu, bomba la sindano mkono wa pili, akimtayarishia mgonjwa mwingine. Nikamwita: "Sista, samahani, daktari yuaja saa ngapi?" Akanijibu kwa upole. Kisha akaweka kila kitu chini, akafungua faili na kuanza kusoma upya. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia.

Mwaka 2010 mtafiti Johanna Westbrook na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali mbili za Sydney, Australia. Waliwafuata wauguzi 98 wodini wakitoa dawa: zaidi ya nusu ya mara walikatizwa, na kwa kila katizo makosa ya tiba yalizidi kwa karibu asilimia 13. Utafiti wao mwingine, wa madaktari wa dharura, ulikuta kwamba karibu kazi moja kati ya tano zilizokatizwa haikurudiwa ili imalizwe.

Basi tuwafungie jamaa nje? Siafiki. Usiku ule ule mama mmoja alimkatiza sista yuleyule sindano ikiwa tayari: "Mwanangu, huyu alidungwa penisilini mwaka jana akafura uso mzima." Sindano ikarudi mezani. Kukatizwa kule kulikuwa tiba.

Na jamaa wa mgonjwa kwetu si mtazamaji. Ndiye apelekaye damu maabara, ndiye atumwaye duka la dawa, kisha asijue aulize nani. Daktari naye alimwita sista mara mbili akiwa palepale mezani, kwa mambo ambayo yangeweza kungoja.

Australia walijaribu vizibao vyenye maandishi ya kuomba muuguzi asikatizwe. Makatizo yalipungua, lakini wauguzi walilalamika kwamba vinaleta joto na vinawachelewesha. Kwa joto la Kaskazi hapa, sioni nani atakivaa.

Mimi ningelinda meza, si mtu. Upigwe mstari sakafuni: ukiuvuka, uwe na habari ya hatari ya mgonjwa, hata ukiwa daktari. Na mlangoni awekwe mtu asiye muuguzi, ajuaye Kiswahili na Kigiriama, wa kujibu haya maswali yetu ya daktari yuko wapi. Mshahara wake utagharimu, najua. Lakini awepo hata usiku. Saa nane ile sista alikuwa mmoja tu.