Msimbo mzuri, kufuli baya

Kila mfumo mpya wa kulinda siri ukizinduliwa, husindikizwa na sentensi ileile: umejengwa juu ya tatizo gumu la hisabati. Mimi sentensi hiyo hainitoshi. Gumu kwa nani? Na nani amejaribu kulitatua akashindwa? Hisabati ngumu iko tele. Mifumo iliyoshambuliwa hadharani kwa miongo kadhaa na bado imesimama ni ya kuhesabu kwa vidole.

Nianze na kitu kidogo kabisa, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Mwaka 1950 Richard Hamming, akiwa Bell Labs, alichapisha misimbo ya kurekebisha makosa. Ulio maarufu zaidi una biti saba, kila biti ikiwa 0 au 1: nne za ujumbe na tatu za kuulinda. Zipe nafasi hizo namba 1 hadi 7. Ukaguzi wa kwanza unatazama nafasi za 1, 3, 5 na 7. Wa pili 2, 3, 6 na 7. Wa tatu 4, 5, 6 na 7. Katika kila ukaguzi, idadi ya moja lazima iwe shufwa. Tuseme biti ya tano imegeuka njiani. Ukaguzi wa kwanza unalalamika, wa pili unanyamaza, wa tatu unalalamika. Upe wa kwanza thamani ya 1, wa pili 2, wa tatu 4, kisha jumlisha waliolalamika: 1 na 4 ni 5. Kosa limejitaja lenyewe.

Sasa zichanganye nafasi hizo saba. Kuna njia 5,040 za kuzipanga upya. Nyingi zinakupa msimbo mwingine, lakini 168 zinaurudisha msimbo uleule ulioanza nao, yaani orodha ileile ya jumbe zinazopita kaguzi zote tatu. Hizo 168 ndizo kundi: ukifanya moja na kuifuatisha nyingine bado umo ndani, na kila moja ina ya kuitengua. Tena si kundi la hivihivi. Ni mojawapo ya makundi sahili, yale yasiyovunjika kuwa makundi madogo zaidi, ambayo ndiyo namba tasa za fani hii. Ukiyaacha yale ambayo ndani yake kutanguliza hiki au kile hakubadili jibu, hili la 168 ni la pili kwa udogo. Linalolitangulia lina wanachama 60.

Uhusiano huu wa misimbo na makundi si bahati ya mfano mmoja. Msimbo aliouchapisha Marcel Golay mwaka 1949, ukiongezwa biti moja ufike 24, unarekebisha makosa matatu, na vyombo vya Voyager viliutumia kuleta picha za rangi za Mshtarii na Zohali. Njia za kuuchanganya bila kuubadilisha ni 244,823,040, nazo ni lile kundi la M24 ambalo Émile Mathieu aliligundua katika karne ya 19, kabla hajatokea mtu wa kuwaza kutuma picha kutoka angani. Nikiulizwa hisabati tupu ina faida gani, hapa huwa nakaa sana.

Lakini uzuri huu una upande wa pili, na ndio unaonihusu leo.

Chukua msimbo wa Hamming, uuchanganye nafasi zake kwa siri, umpe adui matokeo. Ufunguo wako ni ule mpangilio ulioutumia. Unadhani una funguo 5,040 za kujificha nyuma yake. Huna. Gawa kwa 168: unabaki na 30. Ulinganifu uleule uliotufurahisha umezila funguo zako. Kwa Golay, kila ufunguo wa kweli unavaa sura zaidi ya milioni 244, na adui akigusa mmojawapo amefika. Tena adui mwenye akili hajaribu kimojakimoja. Anasoma umbo la msimbo na kulifuata. Kikulacho ki nguoni mwako.

Robert McEliece alipopendekeza mwaka 1978 kujenga ufunguo wa umma kwa misimbo, yaani ule ambao yeyote anaweza kufungia ujumbe lakini mwenye siri tu ndiye anayefungua, alichagua ile ya Goppa, na nadhani uchaguzi huo ndio umeuweka mfumo wake hai. Misimbo hiyo ina njia ya haraka ya kurekebisha makosa kwa anayeijua siri, lakini kwa kawaida haina ulinganifu wa kutajika, na ikichanganywa hufanana na msimbo wa nasibu. Waliotaka kitu chepesi au cha kupendeza zaidi waliadhibiwa. Harald Niederreiter alipendekeza mwaka 1986 misimbo ya familia ya Reed–Solomon. Mwaka 1992 Sidelnikov na Shestakov wakaivunja. Baadaye wengine walitaka kufupisha funguo za McEliece kwa kurudisha mzunguko ndani ya msimbo, yaani ulinganifu kwa mlango wa uani. Mwaka 2010 mapendekezo mengi ya aina hiyo yalianguka kwa algebra.

Mfumo wa McEliece wenyewe haukupona bila kovu. Vipimo vyake vya 1978, urefu wa 1,024 na makosa 50, vilivunjwa mwaka 2008 na Bernstein, Lange na Peters. Ila walichovunja ni ukubwa, si wazo. Ukaongezwa ukubwa, mfumo ukaendelea. Kwangu hiyo ndiyo sifa njema kuliko zote: miaka thelathini ya mashambulizi, na waliokuja wameondoka na ukingo tu.

Linganisha na SIKE, mfumo mwingine wa kulinda siri. Ulikuwa mpya, wenye funguo fupi, hisabati yake ya kuvutia kweli, na ulifika duru ya nne ya mchakato wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa kuchagua mifumo mipya ya kulinda siri. Mwaka 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru waliuvunja kwa kiini kimoja cha kompyuta, kwa muda wa kama saa moja. Silaha waliyoshika ilikuwa thioremu ya Ernst Kani ya mwaka 1997, iliyokaa miaka 25 katika jarida la hisabati tupu bila kumtishia mtu. Anayetaka kukata fedha za utafiti usio na matumizi ajue kwamba mvunjaji wa kufuli lake huenda anasoma hayo hayo majarida.

Na kuna udhaifu ambao hauko kwenye hisabati hata kidogo. Dual EC, njia ya kuzalisha namba za nasibu iliyowekwa kwenye viwango vya Marekani mwaka 2006, ilitegemea nukta mbili ndani ya kundi la mkunjo wa duaradufu. Mwaka 2007 Dan Shumow na Niels Ferguson walionyesha kwamba aliyezichagua nukta hizo angeweza kuujua uhusiano wake wa siri, na akiujua anatabiri namba zote zijazo. Hesabu zilikuwa sahihi. Aliyeziandaa ndiye hakuulizwa. Kiwango hicho kiliondolewa mwaka 2014, baada ya nyaraka za siri za upelelezi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo namba isiyoelezwa ilikotoka ni ya kukataliwa, hata ikija na muhuri.

Wanahisabati wa makundi nao wana jeraha la namna hii. Uainishaji wa makundi sahili, yaani kazi ya kuyaorodhesha yote, ulitangazwa kukamilika mwaka 1983, ilhali sehemu moja ilikuwa na pengo. Aschbacher na Smith walilijaza mwaka 2004 kwa kurasa zaidi ya elfu moja. Ni wachache mno walioweza kukagua, na sisi wengine tukaamini. Angalau pengo lilisemwa wazi na waliohusika.

Machi 2025 NIST ilichagua HQC, mfumo mwingine wa misimbo, kuwa akiba ya mfumo iliokwisha kuuchagua. Funguo zake ni za kilobaiti chache. Ndiyo, una mzunguko ndani yake, lakini hauutegemei kuficha umbo la msimbo. Msimbo wa kurekebishia uko wazi kwa kila mtu. Naona ni uchaguzi wa busara kwa mawasiliano ya kila dakika. Ila kwa siri inayopaswa kudumu miaka hamsini bado ningelipa gharama ya McEliece. Ufunguo wake mdogo kabisa katika pendekezo la sasa ni baiti 261,120, na faili la ukubwa huo simu yoyote inalipokea bila kusita. Kama kuna siku utavunjwa, nina hakika kiasi kwamba atakayeuvunja atakuwa ameugundua ulinganifu ambao sisi hatukuuona.