Wahitimu, andikeni risala ya pili

Msimu wa mahafali ukifika, Novemba na Desemba, risala za wahitimu huku nyanda za juu kusini zinafanana utadhani zimechapwa steshenari moja. Zinaanza na historia ya chuo. Kama ni MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, mgeni rasmi ataelezwa kwamba kilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa taasisi mwaka 2005, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Kama ni Mkwawa, Iringa, atakumbushwa kwamba pale palikuwa shule ya sekondari kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Kisha zinafuata changamoto: mabweni hayatoshi, intaneti inasuasua, tunaomba basi. Mgeni rasmi anasema "nimezichukua", makofi yanapigwa, na miaka mitatu au minne ya darasa zima inafungwa hapo.

Risala hiyo iendelee, ni itifaki. Ila kila darasa linalomaliza liandike na ya pili, isiyosomwa jukwaani, apewe anayeingia mwaka wa kwanza. Iwe na bei, tarehe na sababu. Sentensi kama "someni kwa bidii" zifutwe zote. Hajapatikana bado mtu aliyedisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwa kukosa wa kumwambia asome.

Ianze na pesa. Mwenye mkopo kamili wa chakula na malazi hupata shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopanda kutoka 8,500. Boom, yaani posho hiyo ikiingia kwa mkupuo, la siku 60 ni 600,000. Siku ya kusaini linaonekana kubwa. Sasa chukua chumba cha 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 300,000 imeondoka hata godoro hujanunua. Inayobaki ni 5,000 kwa siku, ndani yake kuna kula, nauli ya daladala, bando na kutoa kopi. Hapo ndipo watu wanapokwama wiki ya tano au ya sita, na mzazi aliyeko nyumbani anadhani ni starehe. Asiye na mkopo kamili anakwama mapema zaidi.

Kinachosaidia ni kukaa wawili kwa chumba na kununua chakula kikavu siku ileile boom linapoingia. Wanne wanaokula wali mara moja kwa siku humaliza robo tatu ya kilo, yaani kilo 45 kwa siku 60. Mkizinunua kwa mkupuo soko la Mwanjelwa, Mbeya, njaa ya wiki ya sita mmeikata nusu. Mkinunua kilo mojamoja duka la jirani, mnalipia faida ya mwenye duka kila jioni.

Maharage yanahitaji aya yake, maana wanaotoka Dar na Tanga huyalaumu bure. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Moto hata uupandishe vipi, sufuria la kawaida haliendi zaidi ya hapo, unachoongeza ni gesi tu. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, chemsha sufuria likiwa limefunikwa. Nyanya ziingie maharage yakishaiva, kwa sababu uchachu wake hukaza ganda. Wanaotia kila kitu pamoja ndio wanaomaliza mtungi wa kilo 6 kabla ya mwezi kwisha.

Halafu umeme, chanzo cha ugomvi mwingi wa mageto kuliko mapenzi. Nyumba yenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, achilia mbali kodi na tozo, mradi isivuke uniti 75 kwa mwezi. Hita ya maji ya wati 1,500 ikiwashwa nusu saa hula uniti 0.75. Vyumba vitano vyenye mita moja ya LUKU, kila kimoja nusu saa kwa siku, ni uniti 112 na nusu kwa mwezi, kabla ya taa, pasi na laptop. Nyumba ikishavuka, bei ya uniti inapanda sana, na aliyechanga 5,000 anaanza kusema umeme unaibwa. Hauibwi. Ndoo ya lita 10 yenye maji ya nyuzi 15 hufika nyuzi 40 kwa dakika 12 tu na hita hiyohiyo; dakika nyingine zote ni za mtu aliyeiacha akiperuzi simu. Wekeni alamu. Na hita ichomolewe kwenye soketi kabla mkono haujagusa maji, hili halina mjadala.

Baridi yenyewe niiseme kwa ufupi: wengi hufika Oktoba au Novemba, jua linawaka, wakadhani wenyeji wanatia chumvi. Juni inawakuta na shuka moja.

Upande wa masomo, risala ya pili ioneshe hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama, mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila pointi huzidishwa kwa krediti za somo, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Chukua masomo mawili, moja la krediti 12, jingine la krediti 6. Ukipata C kwenye la 12 na A kwenye la 6, wastani ni 3.0. Ukigeuza, A kwenye la 12 na C kwenye la 6, wastani ni 4.0. Gredi ni zilezile. Bado kuna watu wanakesha na somo dogo kwa sababu mwalimu wake ni mkali, lile kubwa wanaliachia madesa, yaani kopi za maelezo ya wenzao. Jingine la kujua ni kwamba sup, yaani mtihani wa marudio, ukifaulu, vyuo vingi huandika C hata kama umepata 80. Na daraja la kwanza linaanzia 4.4, chuo kinachokata desimali bila kukadiria kitakuandikia 4.3 kwa 4.39 yako. Mwaka wa tatu ni kuchelewa mno kuligundua hili.

Kwa wanaokwenda kufundisha kwa mazoezi, mkaguzi haombi andalio la somo la leo tu, anaomba na ya wiki zilizopita pamoja na azimio la kazi. Anayeandika moja asubuhi ya ukaguzi anajulikana kwa wino.

Utafiti wa mwaka wa mwisho unaharibika sana kwenye uchaguzi wa mahali na majira. Watu huchagua kijiji cha ndani Makete au Ileje kwa sababu mada inapendeza, kisha wanakwenda kukusanya data Machi, mvua zikiwa zimeshika, barabara ya vumbi imekuwa tope na wakulima wako shambani mpaka jioni. Chagua kijiji kilicho karibu na lami, au nenda baada ya mavuno. Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukibeba la Kiingereza na kulitafsiri papo hapo mbele ya kila mkulima, watu 80 wamejibu maswali 80 tofauti, na hakuna programu ya takwimu itakayokuokoa. Lijaribu kwa watu 10 kabla ya kutoa kopi zote. Kazi iliyochapwa jitumie kwa barua pepe kila jioni. Flashi hazifai, zikichomekwa steshenari zinarudi na virusi.

Mwisho kabisa iwekwe orodha ya kliarensi, yaani saini za kuthibitisha kwamba chuo hakikudai kitu, na jambo moja ambalo hushtukiwa siku ya vyeti: majina ya usajili wa chuo yalingane herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA. Kulirekebisha mwaka wa kwanza ni fomu moja. Kulirekebisha baada ya cheti kutoka ni mwanasheria, kiapo na miezi ya kusubiri.

Kurasa nne zinatosha. CR, kiongozi wa darasa, azikusanye kabla ya mtihani wa mwisho na kuzikabidhi kwa CR wa mwaka unaofuata, naye azisahihishe bei kila mwaka. Asisubiri mahafali, maana kundi la WhatsApp la darasa likishavua majoho hugeuka la michango ya harusi.