Sale ni la mpaka, panga ni la polisi

Huku kwetu Uchagani, sale ndilo jani la mpaka na ndilo jani la msamaha. Ukitaka kujua kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kinaishia wapi, fuata mstari wa masale. Aliyekukosea akija na jani hilo mkononi, mila inataka umsikilize. Nayaheshimu hayo. Ila nimechoka kuona kila ugomvi wa majirani ukimalizwa hivyo, hata ule ambao mtu ameshatamka kwamba atakukata.

Mama yangu ni mjane, anaishi nje kidogo ya Moshi mjini. Jirani aling'oa masale na kuyasogeza hatua tatu ndani ya migomba yetu. Mama alipouliza, akajibiwa mbele ya kijana anayemkatia ng'ombe majani: "Ukivuka hapa nakukata kichwa." Wazee wa ukoo wakaja, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanyweka, jirani akaomba radhi. Wiki mbili baadaye akarudia yale yale. Tukakaa kikao cha pili, na cha tatu. Mama akaanza kufunga mlango kabla jua halijazama.

Tulichanganya mambo mawili. Mpaka ni shauri la ardhi: unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo wazee na masale yao wana nafasi, na mimi sina haraka.

Tishio ni jinai. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kutishia kumuua au kumjeruhi mtu, au kuchoma mali yake, kwa nia ya kumtia hofu, ni kosa lenye kifungo cha hadi mwaka 1. Likitendeka usiku, hadi miaka 2. Hakuna panapodai damu imwagike kwanza. Lakini kituoni swali la kwanza lilikuwa, "Kwani amemgusa?" Nikasema hapana afande, na hatutaki afike huko. Tulisimama pale kaunta mpaka tukapewa RB, namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi.

Kesi ilikwenda Mahakama ya Mwanzo: kutishia kuua kwa maneno. Kilichotubeba ni yule kijana wa majani, maana alisikia kwa masikio yake. Vikao vitatu vya wazee havikuacha hata karatasi moja! Ningejua, ningemwomba mwenyekiti wa kitongoji aandike muhtasari, wote tuweke sahihi.

Jirani alipata dhamana siku ileile, na ni haki yake. Wengi hawajui kwamba hata kabla mtu hajatenda kosa, hakimu akipewa taarifa ya kiapo kwamba fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita na kumtaka aweke dhamana ya kutunza amani, kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Akikutisha kwa meseji, usizifute. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wala usimjibu kwa matusi, kwani kifungu kilekile cha 89 kinayakamata. Dada yangu nusura atuponze hapo. Na kama huna pesa ya wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria. Moshi lipo shirika la KWIECO.

Shangazi alinilaumu: "Mwanangu, unampeleka mahakamani mtu mtakayezikana naye?" Nikamwambia kweli shangazi, tutazikana, ila mama nataka tumzike kwa uzee.