Boti Inafua

Boti ya faiba ikivuja nyuma, wengi hukimbilia kukaza kizibo cha tundu la kutolea maji. Kizibo hakina kosa. Kinaingia kwa meno kwenye kikombe cha shaba chenye flenji, yaani ukingo bapa, na flenji imeshikwa na skurubu tatu zilizozama kwenye plaiwudi iliyofichwa ndani ya faiba. Silanti, ile gundi ya kuzuia maji nyuma ya flenji, ikishazeeka, maji yanapenya hapo, yanainywesha plaiwudi, plaiwudi inaoza, skurubu zinakosa pa kung'ata, flenji inalegea, na maji yanaongezeka. Ukikaza kizibo unazidi kuilegeza flenji.

Hayo yote nilimweleza Mwalimu, mwenye boti, palepale mwaloni Kibirizi. Nikamwonyesha na kosa la pili: aliyeifunga flenji ile aliiweka upande wa ndani, ili kizibo kifunguliwe bila mtu kulowa. Flenji inatakiwa ikae nje, maji yakiisukuma izidi kubana. Ikikaa ndani, maji yanaisukuma itoke. Lakini Mwalimu ni mstaafu wa somo la historia, na Kigoma hii fundi hamsahihishi mwalimu.

"Fundi, inavuja kwa sababu haijakazwa," akasema, akamtuma dogo wa mashine alete paipu renchi.

Kizibo cha nusu inchi unakikaza kwa mkono mpaka kigome, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Dogo alikining'inia kwa renchi ya futi moja na nusu, mguu kaukanyagiza kwenye kibao cha nyuma. Flenji nzima ikazunguka. Mbao ikalia krrk ndani ya faiba.

"Umesikia?" Mwalimu akanigeukia. "Imeshika!"

Upenyo uliobaki wakaukandika sabuni ya mawese. Nisiwaonee: sabuni huziba kweli. Tangi la pikipiki likitoboka njiani watu hukandika sabuni na wakafika kwa fundi wa kuchomelea. Tofauti ni kwamba petroli haiyeyushi sabuni. Maji yanaiyeyusha, ndiyo maana tunaogea.

Safari ilikuwa ya kupeleka posa kijiji kimoja kaskazini, mbele ya Gombe. Boti ya mita 6, mashine ya farasi 40. Ndani: Mwalimu, dogo, mpwa wa Mwalimu mwenye kuposa akiwa na suti, shangazi wawili, bibi mzaa baba na kapu lake la mihogo mibichi, mbuzi, gunia la maharage, kreti za soda, na mimi, kwa sababu mwenye kisanduku cha spana hakosi nafasi.

Tulipofika usawa wa Kalalangabo maji yalikuwa yameshaingia, mtetemo wa mashine ukawa unayapigapiga na ile sabuni. Povu likaanza nyuma, likaja katikati, likafika kwenye vifundo vya miguu. Mbuzi akapanda juu ya gunia. Shangazi mkubwa akainua kanga yake, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mbona boti inafua?"

Mwalimu akasema dawa anayo: tuongeze mwendo, tufungue kizibo, maji yatatoka yenyewe. Na hili si uongo. Boti ikishapanda ikawa inateleza juu ya maji, nyuma ya kibao panabaki uwazi, na tundu la kizibo linatema maji ya ndani badala ya kunywa ya nje. Ila inataka boti nyepesi na mashine yenye nguvu ya kuipandisha. Sisi tulikuwa watu saba na mbuzi, na mzigo wote nyuma. Dogo alipovuta mafuta mpaka mwisho pua iliinuka, nyuma ikazama zaidi, ikabaki hivyohivyo.

Nikapaza sauti, "Mzee, usifungue!" Mwalimu alikuwa ameshazungusha. Kizibo hakikufunguka. Kilitoka na ukoo wake wote: kikombe, flenji na skurubu tatu, kila moja imebeba mbao nyeusi iliyooza kama ugoro. Akabaki amekishika juu, anakitazama.

Tundu la inchi moja lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza lita 40 na ushee kila dakika, yaani ndoo mbili kubwa. Mtu mmoja mwenye ndoo, asiye na suti, anaweza kushindana nalo kwa muda. Tulikuwa na ndoo moja, na aliyeishika ni mwenye suti. Kila anapochota ndoo inajaa povu, maji yanabaki chini.

Nilimwambia dogo apunguze mafuta ageuze pua ufukweni, na watu wahamie mbele, tundu lipande. Wakahama wote isipokuwa Mwalimu, ambaye alikuwa anatutuliza.

"Msiogope. Hata meli ya Liemba ilizama. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua 1924, mashine nzima kabisa! Walikuwa wamezipaka grisi."

Bibi akamwuliza, "Ilipozama ilikuwa na watu ndani?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa chini."

Bibi mwenyewe akatoa muhogo kapuni, kisu kiunoni, akauchonga ncha huku anaomboleza muhogo wake. Ukatoka mche mzuri: mwembamba mbele, mnene nyuma, mrefu kama kiganja. Nikauingiza tundu likaumeza nusu, nikaugongelea kwa kiatu cha mwenye kuposa. Maji yakakatika. Huo ndio umbo unaotakiwa, na kila boti ingekuwa na wake wa mti laini, umefungwa kwa kamba pembeni ya tundu, mtu asisubiri bibi apande na kapu.

Posa ilifika kwa boti nyingine. Nasikia wakweze waliusifu sana usafi wa mbuzi.

Mimi nilibaki na tundu. Nilichokonoa plaiwudi kwa bisbisi: inapozama bila kugoma, imeoza. Nikachimbua mpaka mbao inayokataa, kisha nikaiacha ikauke, boti imeinamishwa mkiani ili maji yaliyojificha yachuruzike. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mbao mbichi haishiki epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokuwa ngumu. Ukiharakisha umefungia maji ndani yaendelee kuozesha kimyakimya. Ilipokauka nikapaka epoksi nyepesi, mbao ikanywa, nikarudia, kisha nikajaza shimo lote na matundu ya zamani ya skurubu kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, nzito ya kusimama kwenye kijiti. Ilipokuwa ngumu ndipo nikatoboa upya: tundu la kikombe, na ya skurubu milimita 3.5 kwa skurubu za milimita 5 zisizoshika kutu. Midomo ya matundu niliipanua kidogo, faiba isipasuke na silanti ipate pa kukaa.

Msasa namba 80, asetoni ya kusafishia, kitambaa kisicho na mafuta. Silanti ya poliyurethani, ya boti. Silikoni ya madirisha hapana: hubanduka, na ikibanduka huacha utelezi ambao hata epoksi inaukataa. Nikazungushia tundu na kila skurubu, flenji safari hii nje, nikakaza kwa zamu mpaka silanti ikachomoza pande zote. Hapo unaacha. Ukiendelea kubana unaitoa yote, unabaki na shaba juu ya faiba kavu. Silanti hiyo hukomaa kwa unyevu wa hewa, karibu milimita 3 kwa siku, kwa hiyo haisukumwi na maneno ya mwenye boti. Kwenye meno ya kizibo, utepe mweupe wa mafundi bomba, mizunguko miwili kufuata meno.

Majaribio yakafanyikia nchi kavu: boti juu ya magogo, maji ndani badala ya nje, gazeti kavu chini ya flenji. Mwalimu alipiga magoti, akalipapasa gazeti, kavu. Akainuka na bili yangu mkononi.

Chini ya epoksi na skurubu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: *muhogo mmoja, shilingi 500, umelipwa kwa bibi, ukatwe kwenye ufundi.*