Nicodemus haikushindwa na ardhi

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, katika Kaunti ya Graham, kuna kijiji kiitwacho Nicodemus ambacho leo hakina hata wakazi hamsini. Kilianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, waliovutwa na matangazo ya ardhi yaliyousifu uwanda ule kupita kiasi.

Walichokikuta ni nyasi tupu. Miti ilikuwa haba, na kwa kuwa mbao za kujengea hazikupatikana, familia zililazimika kuchimba makao yao ardhini. Willianna Hickman, aliyewasili mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba wenzake walipopiga kelele za furaha kuwa kijiji kinaonekana, yeye hakuona nyumba hata moja. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini, akamwambia kwamba huko ndiko Nicodemus, naye akaangua kilio. Wapo waliokata tamaa wakaondoka. Waliobaki waliivunja ardhi ile ngumu kwa majembe na sepetu, maana wanyama wa kukokota plau walikuwa wachache mno, na katika muda usiozidi miaka kumi walikuwa na makanisa, shule, maduka, hoteli na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyehamia huko mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

Wapo wanaoeleza kufifia kwa kijiji hiki kwa kutaja ukame na udongo. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu jibu liko upande wa pili wa mto South Solomon. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kuidhinisha fedha za kuivuta reli ifike kwao, lakini mwaka uliofuata kampuni ya Union Pacific ilipitisha njia yake kusini mwa mto, na kambi ya wajenzi wa reli ikageuka kuwa mji wa Bogue. Wafanyabiashara walihamia huko, wengine wakiyahamisha hata majengo yao. Bogue ilinyeshewa mvua ileile na kulimwa udongo uleule; tofauti ilikuwa reli, na uamuzi wa reli haukuwa mikononi mwa wanakijiji.

Dhoruba za vumbi zilizoletwa na ukame wa miaka ya 1930 ziliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamenyang'anywa soko lao, na mwaka 1953 posta ikafungwa.

Tangu mwaka 1996 serikali ya Marekani inayahifadhi majengo matano ya Nicodemus kama eneo la historia ya taifa, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, naona uhifadhi huo haujakamilika iwapo hautayajali pia mashamba, kwa kuwa waanzilishi walifunga safari ile kutafuta ardhi yao wenyewe. Kila mwishoni mwa Julai wajukuu na vitukuu wao hurejea kutoka majimbo mbalimbali kuadhimisha uhuru kutoka utumwani, na baadhi ya familia hizo bado zinalima huko.