Jukwaa nalo lifundishwe

Mwanafunzi wa muziki anapokaribia kupanda jukwaani, mwalimu humwambia: usiogope. Mimi silipendi neno hilo. Halimfai kitu mtu ambaye viganja vimeshalowa jasho na moyo unamwenda mbio. Adrenalini ikishapanda, mwili hauambiliki. Kinachomfaa ni mazoezi ya jukwaa lenyewe, na hapo ndipo vijana wanapopunjwa: wimbo unafundishwa miezi mizima, jukwaa linafundishwa kwa maneno mawili matatu nyuma ya pazia.

Nazungumzia taarabu ya Unguja, ndiyo niliyoizoea. Taarabu ina mtihani wake: watu huinuka kuja kumtunza muimbaji kwa pesa. Muimbaji yuko katikati ya ubeti, mara mama mmoja anamjia akicheza taratibu, noti mkononi, na nyuma yake wengine wanafuata. Nimewahi kumwona binti mwenye sauti nzuri kabisa akinyamaza ghafla noti ya kwanza ilipomfikia. Maneno ya wimbo alikuwa nayo yote. Kilichompoteza ni kutojua apokee kwa mkono upi, amtazame nani, ashukuru kwanza au aendelee kuimba.

Hilo linafundishika. Wape wenzake vipande vya karatasi, waje kumtunza darasani, mmoja mmoja, kisha kwa kundi, na vigelegele juu yake. Ajifunze kupokea kwa mkono wa kulia mdomo ukiwa bado kwenye maiki, amwinamie mtunzaji kidogo, aiweke noti pembeni, na mstari usikatike. Wapigaji nao wajifunze kumtazama, maana akiurudia mstari kwa sababu watunzaji bado wanakuja, nao warudi naye.

Kuna jingine ambalo walimu hulipuuza. Wanafunzi wengi wanaujua wimbo kuanzia mwanzo tu. Wakiteleza katikati hawana pa kushika, wanatamani kuanza upya. Kwa hiyo katika mazoezi mkatishe mwanafunzi popote, kisha mwambie: anza ubeti wa tatu, ingia kwenye kiitikio, endelea baada ya fidla. Na akikosea, asisimame wala asikunje uso. Watu wengi ukumbini hawajui kama amekosea mpaka uso wake uwaambie.

Vyombo navyo vina mambo yao. Shingo ya udi haina vigawanyo vya kumwonyesha mpigaji pa kuweka kidole, kwa hiyo mkono ukitetemeka sauti inahama mara moja. Kanuni, chombo kinachopigwa kikiwa kimelazwa, ina nyuzi zaidi ya 70, nazo hubadilika kwa joto na unyevu. Zilizowekwa sawa darasani chini ya feni si hizo utakazozikuta usiku Ngome Kongwe, ambako jukwaa liko wazi na upepo wa bahari u karibu. Mwanafunzi azoee kuziweka sawa palepale, watu wakiongea, bila haraka.

Sikubaliani hata kidogo na wanaomficha mwanafunzi mpaka siku ya hafla kubwa, eti asije akaharibu jina la chuo. Apige mbele ya wanafunzi wenzake, apige barazani kwa jirani, apige kwenye arusi ya ndugu. Zanzibar haijakosa mahali pa kuanzia: tuna vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa 1905, na tangu 2002 tuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, katika Mji Mkongwe. Kijana anayekaa karibu na mpigaji mzoefu huona jinsi mzee anavyovuta pumzi, akaishusha polepole, akaimba mstari wa kwanza moyoni kabla ya kugusa chombo. Mstari huo wa moyoni ndio unaozuia wimbo usianze mbio, kwani mwenye wasiwasi karibu kila mara huanza kwa kasi.

Kwa waandaaji wa matamasha nina ombi moja. Majaribio ya sauti ya mchana huliwa na wasanii wakubwa, wanafunzi wakabakiwa na dakika chache huku viti vimeshaanza kujaa. Wapeni angalau nusu saa ya jukwaa tupu, fundi mitambo akiwepo, wajue wasimame wapi, maiki ifupishwe iwafikie, na wasikie sauti zao zikitoka kwenye spika kabla ya mtu yeyote kuketi.