Miti nayo ina mwaka mpya wake

Kuna sikukuu ndogo ya Wayahudi mi naipenda sana, inaitwa Tu BiShvat, yani tarehe 15 ya mwezi wa Shevat kwenye kalenda ya Kiyahudi, huangukia Januari au Februari. Ni mwaka mpya wa miti. Watu wanaenda kazini kama kawaida, na kwenye Biblia haimo, imo kwenye Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi, ambako wanazuoni walibishana, wa nyumba ya Shammai, yani wafuasi wa mwalimu Shammai, wakasema iwe tarehe 1, wa nyumba ya Hillel wakasema 15, na ya Hillel ndo ikashika.

Mwanzoni ilikuwa hesabu tu, zaka ya matunda na umri wa mti, maana Walawi 19 inakataza kula matunda ya mti kwa miaka mitatu ya kwanza, sasa lazima mjue mwaka wake unaanza lini. Hapo ndo huwa nasisimka, mti unahesabiwa umri kama mtoto anayesubiriwa aanze shule!

Mwaka juzi rafiki yangu hapa London alinialika kwao. Kuna desturi ya mezani, ya wale watu wa Kabbalah, yani elimu ya siri za kiroho ya Kiyahudi, wa mji wa Safed kule Israeli, mnakunywa vikombe vinne vya mvinyo, cha kwanza mweupe mtupu, halafu wekundu unaongezeka kidogo kidogo mpaka cha nne chekundu kabisa, kama shamba linavyotoka kwenye baridi kuingia kwenye maua. Matunda pia kwa zamu, kwanza ya ganda gumu kama lozi, kisha yenye kokwa kama tende na zeituni, mwisho tini na zabibu unazokula zima zima. Kulikuwa na karobu pia, ganda refu la kahawia, kavu kama ukwaju wa mwaka jana, unatafuna weee ndo utamu unakuja. Wayahudi wa Ulaya walikula sana hilo kwa sababu lilivumilia safari bila kuoza.

Siku hizi Israeli watoto hupanda miche, toka mwaka 1890 mwalimu Ze'ev Yavetz alipowatoa wanafunzi wake wa kijiji cha Zichron Ya'akov wakapande. Ni jambo zuri, ila kiukweli naona meza isisahaulike, maana mche unapandwa, picha zinapigwa, watu wanaondoka. Pale mezani bibi yake rafiki yangu alitushika mikono tusiguse tende mpaka Mungu ashukuriwe kwa kuumba tunda la mti, tukasubiri, ndo tukala, na kokwa zote akazikusanya kwenye kisahani kimoja.